Nyumba Isiyopita Goti

Mume wangu Cuthbert alikuwa hawezi kupita nyumba ya mtu bila kuisema. Tukienda kanisani, anasimama njiani kutazama ukuta wa watu. Tukienda msibani, jamani, wenzetu wanalia, yeye ameinua macho anahesabu boriti. Namvuta shati. "Baba Lois, tumekuja kuzika." Ananinong'oneza, "Najua, lakini ile kenchi imekaa upande." Miaka arobaini nimeishi na mtu huyo, na bado nikiona kenchi ya paa iliyokaa upande namkumbuka.

Alizaliwa Masasi, chini ya ile milima ya mawe, katika familia ya watu wa misheni. Baba yake alikuwa mpiga kengele wa kanisa. Yeye mwenyewe alifundishwa uashi na mafundi wa misheni, akajua mwiko, timazi na kalibu ya matofali. Kwa bahati mbaya au nzuri, mtaamua wenyewe, alijua pia kuandika.

Mwaka wa hamsini na moja alianzisha karatasi aliyoiita Habari za Majenzi. Ilikuwa ukurasa mmoja, mbele na nyuma, ikitoka mara moja kwa mwezi. Rafiki yake Basil, karani wa ofisi ya kanisa, alikuwa na mashine ya kurudufu. Cuthbert anaandika kwenye karatasi ya nta, Basil anazungusha mkono wa mashine, wino unawapaka mpaka masikioni, zinatoka nakala hamsini. Jumapili zinagawiwa nje ya kanisa, zinazobaki zinapanda kwa baiskeli mpaka Newala. Mle ndani hamkuwa na siasa wala mahubiri. Zilikuwa habari za nyumba tu, hivi:

"Chiungutwa: Nyasi za kuezekea zimekomaa. Anayezitaka awahi kabla moto haujapita.

"Newala: Misumari ya inchi tatu imefika. Ya inchi nne bado.

"Masasi: Ukuta wa jiko la Bwana Gervas umeanguka tena. Sababu ni udongo wenye mchanga mwingi. Hakuna aliyeumia isipokuwa kuku mmoja."

Watu waliipenda karatasi hiyo kupita kiasi. Fundi aliyekosa kazi aliiona kazi humo, na mwenye shida ya fito alijua aende upande gani. Aliyekasirika ni Gervas peke yake. Alikuja mpaka ofisini kwa Basil, kifua mbele.

"Umenianika! Mpaka kuku wangu umemwandika!"

"Ni uongo?" Cuthbert akamuuliza.

"Si uongo. Lakini wako ukianguka, utauandika?"

"Nitauandika."

"Weka kwa maandishi!"

Basi mwezi uliofuata, juu kabisa ya karatasi, kukawa na maneno haya: Kila habari ya kweli ya nyumba itachapwa, hata ikimhusu mwandishi. Gervas akasoma, akatulia, akaenda zake. Laiti ningekuwa nimekwisha olewa siku ile, ningemshika Cuthbert mkono asiandike.

Mimi ni mtu wa juu, wa Mkunya, upande wa Newala. Niliteremka Masasi kujifunza kushona, nikawa nakaa kwa shangazi yangu. Mlango wa shangazi ulikuwa hausimami sawa, akaitwa fundi Cuthbert. Ilikuwa kazi ya siku mbili. Yeye aliifanya siku tisa. Siku ya tisa shangazi akamwambia, "Mwanangu, mlango umepona. Kama unaumwa kitu kingine, mtafute mshenga." Akamtafuta. Mwezi wa sita mwaka wa hamsini na mbili tukaoana.

Sasa sikilizeni desturi yetu, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Kwetu mume humfuata mke. Anakuja kwa mama yake mke, anapewa mahali, anajenga. Nyumba ndiyo mtihani wake. Na wakati wote huo yeye na mama mkwe hawasemezani. Hawatazamani usoni, hawasalimiani, hawaketi chini ya paa moja. Si ugomvi, ni heshima. Mama akitokea njia hii, mkwe anaingia porini. Wangu alikuwa anaingia porini na baiskeli. Mambo yanabaki hivyo mpaka mama mwenyewe atakapomfungulia mkwe wake kwa kumwita jina, na siku hiyo haina tarehe. Wapo waliofunguliwa upesi, na wapo waliozeeka bila kufunguliwa.

Mama yangu, Bibi Somoe, alikuwa mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu. Kumnyima mtu wa namna ile ruhusa ya kusema ni kumtesa.

Na mjomba wangu Nikolao, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa mwenye kauli juu yangu. Huyu hakumpenda Cuthbert. Alisema vijana wa misheni wa Masasi ni watu wa soksi, si wa jembe. Siku tuliyopewa mahali pa kujenga alisimama katikati ya uwanja akatoa hukumu yake.

"Mvua ya kwanza ikikuta nyumba ina paa, mke ni wako. Ikikuta haina paa, Helena anarudi ndani kwa mama yake, na wewe unateremka Masasi ulikotoka. Umesikia?"

"Nimesikia, mjomba," Cuthbert akasema, tena anatabasamu. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, kwa sababu mvua ilikuwa mbali, miezi mitano mbele.

Wasiwasi wote ulikuwa kwangu. Nilimpenda, nasema wazi. Nilipenda hata soksi zake.

Kosa alilofanya hawezi kulifanya mtu wa juu. Wala si kosa la ujinga, ni la mtu aliyekulia karibu na kijito. Alitangaza kwenye karatasi yake ya mwezi wa saba: "Mkunya: Mwandishi anajenga nyumba ya matofali, vyumba vitatu. Kuta zitakamilika mwezi wa nane." Akachimba shimo la udongo, akatoa kalibu yake, akakunja mikono ya shati, akaniambia, "Mke wangu, nitahitaji maji. Si mengi. Madebe arobaini kwa siku."

Nilicheka nikakaa chini.

Huku kwetu, wenzangu, ardhi ni nyekundu na nzuri, mihogo inakubali, mikorosho inakubali, lakini kiangazi maji hayapo. Yako bondeni, chini kabisa ya genge, ule ukingo wa mlima. Mwanamke anaondoka jogoo wa kwanza, anarudi jua limekwisha kuwa kali, na debe moja kichwani. Debe hilo ndilo la kupikia, kunywa na kunawa uso. Habari za maji ya bomba tulikuwa tunazisikia barazani, lakini ukiweka mtungi chini ya maneno haujai.

"Fundi," nikamwambia, "kwetu mtu husimamisha nguzo, akaezeka, akangoja mvua. Mvua ikija ndipo anakandika kuta."

"Hizo ni nyumba za fito na udongo. Mimi najenga ya matofali."

"Matofali hayanywi maji?"

"Helena, fundi nani hapa?"

Nikanyamaza. Kunyamaza si kawaida yangu, ila nilikuwa mke mpya.

Wanawake wa ukoo walimchotea. Siku ya kwanza walikuja kwa vigelegele. Siku ya pili walikuja kimya. Siku ya tatu hawakuja. Cuthbert akateremka bondeni mwenyewe na baiskeli, akafunga madebe mawili nyuma. Alipofika juu yalikuwa yamebaki nusu nusu, na mnyororo umekatika. Mpaka mwezi wa nane unakwisha, ule ukuta uliokuwa umetangazwa wilaya nzima ulikuwa umefika hapa, gotini. Ukakaa hapo hapo.

Mama alikuwa anapita mbali kidogo kila asubuhi, anautazama, anameza mate. Niliona jinsi maneno yalivyokuwa yanamjaa. Mkwe wake yuko pale, hatua ishirini, amegeuza uso kwa heshima, na yeye hawezi kumwambia kitu. Siku moja nikamwona anaelekea shuleni kwa mwalimu Marko. Mama yangu, asiyejua hata a wala be, anaenda shule! Nikadhani anaumwa.

Mwisho wa mwezi Cuthbert alikuwa anateremka Masasi kuchapa karatasi yake, na kila mara alikuwa anabeba barua za watu wa Mkunya. Mwezi ule mwalimu Marko akampa bahasha iliyofungwa, imeandikwa: Kwa Mwandishi wa Habari za Majenzi. Akaiweka kwenye mkoba, akaendesha nayo kutwa nzima, akaifungua mbele ya Basil. Basil ndiye aliyenisimulia. Ilikuwa imeandikwa hivi:

"Mkunya: Nyumba ya matofali iliyotangazwa imefika gotini. Kuku wanaivuka bila kuruka. Mpeleka habari ni mwanamke mmoja wa Mkunya."

Cuthbert akasoma, akaiweka mezani.

"Tuitupe?" Basil akauliza.

"Ni habari ya nyumba."

"Ndiyo."

"Na ni ya kweli." Akatazama juu ya karatasi, pale palipoandikwa yale maneno aliyoyataka Gervas. "Iweke kwenye nta."

Wee! Masasi nzima ilicheka. Gervas alichukua nakala nne, moja akaibandika kwenye jiko lake jipya. Sokoni wanaume wakawa wanamwita Cuthbert Bwana Goti. Akipita na baiskeli, anaulizwa, "Limepanda?" Naye anajibu kwa adabu, "Bado." Mwezi uliofuata Basil alilazimika kuchapa nakala mia, maana hata wasiojenga walitaka kujua habari za goti.

Nilipoisikia habari ile ikisomwa Mkunya, damu ilinipanda. Nikaenda moja kwa moja jikoni kwa mama.

"Mama, unamchoma mume wangu mbele ya watu!"

Alikuwa anamenya muhogo. Hakuinua hata kichwa. "Mimi? Nimemwambia nini? Mimi na mkwe wangu hatusemezani."

"Umempeleka gazetini!"

"Nimepeleka habari. Si wanazitaka?" Kisha akaweka kisu chini. "Helena, wewe ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Alisikia?"

"Hakusikia."

"Basi. Mtu wa karatasi husikia kwa karatasi. Unadhani nataka ateremke? Nikolao anatazama mawingu kila asubuhi kama mtu anayengoja posho. Mimi ndiye ninayetaka huyu kijana abaki, lakini nitamwambiaje na mdomo nimefungwa?" Akaokota kisu, akaendelea kumenya. Mimi nikabaki nimesimama pale, aibu imenishika, nikachukua muhogo nikamsaidia.

Mwezi wa tisa Cuthbert alibeba bahasha nyingine. Safari hii alijua amebeba nini, lakini hakuifungua njiani. Mtu mwaminifu, tena mkaidi. Ndani mlikuwa na maneno haya:

"Mkunya: Wanawake wanauliza, nyumba inayokunywa madebe arobaini ikiwa bado ndogo, ikikua itakunywa nini? Nyumba za huku huvaa kofia kwanza na nguo baadaye, kwa kuwa maji ya kufulia nguo hiyo yanatoka mbinguni. Mpeleka habari ni yule yule."

Ikachapwa. Lakini safari hii hakucheka mtu kama Cuthbert mwenyewe alivyocheka, na alicheka mpaka Basil akaogopa. Alirudi Mkunya, akaegemeza baiskeli, akakaa juu ya ukuta wake. Ulikuwa na kimo kizuri cha kukalia.

"Helena, mama yako ana akili kuliko mimi."

"Hilo nalijua tangu nizaliwe."

"Paa kwanza. Likiwa la bati, halizuii mvua tu, linaikusanya. Naweka mfereji pembeni, naweka mapipa chini. Mvua ya kwanza ikinyesha, maji ya kujengea ninayo mlangoni. Na kuta zikikwisha, mapipa yanabaki. Wewe hutateremka bondeni masika yote." Macho yalikuwa yanamng'aa. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia mwezi wa saba!"

"Hukunisisitiza."

Nilichukua mwiko wake nikautupa mpaka katikati ya mihogo. Akaenda kuutafuta huku anacheka, na mimi hasira ikaniishia njiani nikamsaidia kuutafuta.

Kwenye karatasi ya mwezi ule kulikuwa na jibu pia, maana kama mama hakuweza kumsemesha yeye, na yeye hakuweza kumsemesha mama. "Kwa mpeleka habari wa Mkunya: Mwandishi amesoma na ameelewa. Kofia itakuja kwanza, nayo itakuwa ya bati." Mwalimu Marko alimsomea mama. Alipofika kwenye neno bati, mama alisimama.

"Bati! Soma tena."

Akasoma tena.

"Andika," mama akasema.

Ule mradi wa karanga wa Waingereza kule Nachingwea ulikuwa umekwisha, na vyombo vyake vikuukuu vilikuwa vinauzwa huku na huku. Cuthbert akapata huko mabati ishirini na manne na mapipa mawili. Akateremka nayo furaha yake yote mpaka Masasi mwisho wa mwezi wa kumi, akafungua bahasha ya tatu, akasoma:

"Mkunya: Bati ni joto mchana na kelele wakati wa mvua. Mtoto atakayezaliwa mwezi wa nne atalalaje?"

"Mtoto gani?" Cuthbert akamuuliza Basil.

"Unaniuliza mimi?"

Nilikuwa nimemwambia mama tu. Kwetu mama ndiye anayeambiwa kwanza, mume baadaye, na mimi nilikuwa natafuta siku nzuri. Mama akaniwahi. Basil anasema Cuthbert alikaa sakafuni, akacheka, akalia, akapangusa macho kwa mkono wenye wino mpaka akawa mweusi uso mzima. Kisha akasema, "Ni habari ya nyumba. Ichape." Nakala mia na ishirini! Wilaya nzima ikajua nina mimba, pamoja na watu ambao hawajawahi kuniona. Hakungoja hata wino ukauke. Alipanda baiskeli, akafika Mkunya kesho yake amejaa vumbi na wino, akasimama mbele yangu, akasema, "Nitaweka dari ya mianzi. Mtoto hatasikia kelele." Hilo ndilo neno la kwanza alilosema. Nikamkumbatia hivyo hivyo na uchafu wake.

Toka siku ile mchezo ulikwisha. Sasa sikuwa naogopa kupoteza mume tu, nilikuwa naogopa mtoto wangu azaliwe baba yake ametimuliwa. Mwezi wa kumi na moja ulikuwa umeingia, na mawingu yalikuwa yanajikusanya kila alasiri upande wa Ruvuma. Mjomba Nikolao akaleta kigoda chake, akakiweka mbele ya kiwanja, akakaa. Hakusaidia kitu, alitazama tu, mara nguzo, mara mbingu.

Vijana wa Mkunya walisaidia. Nguzo zilisimama, mabati yalipanda kutoka Newala vichwani mwa watu. Kisha kazi ikakwama. Kenchi zilihitaji misumari ya inchi nne, na misumari ya inchi nne haikuwapo Newala wala Masasi. Kwa miezi mitatu mfululizo karatasi ilikuwa inasema, ya inchi nne bado. Cuthbert hakungoja mwisho wa mwezi. Aliandika karatasi ya pekee, mistari miwili, akampa dereva wa lori la Masasi ampelekee Basil: "Mkunya: Kofia imekwama. Mwenye misumari ya inchi nne, hata mizee, amkumbuke Bwana Goti." Alijiita mwenyewe jina hilo.

Siku nne zikapita. Siku ya tano, asubuhi, akatokea mtu mnene anasukuma baiskeli, jasho linamtiririka, kopo limening'inia kwenye usukani linagongagonga. Alikuwa Gervas.

"Nimekuja kuliona goti kwa macho yangu," akasema. Akaliona, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akamimina kopo chini. Ilikuwa misumari ya inchi nne, mizee, imenyooshwa mmoja mmoja kwa nyundo. "Imetoka kwenye paa la jiko langu lililoanguka. Wewe ulilitangaza, basi ulichukue na lenyewe."

Gervas akavua shati. "Unangoja nini? Nyundo iko wapi?" Wakapanda wote wawili. Kutwa nzima Mkunya ilisikia ko ko ko. Jua linapoelekea kuzama, bati la mwisho likapigiliwa, na mfereji uliotengenezwa kwa madebe yaliyopasuliwa ukafungwa pembeni, mdomo wake juu ya mapipa mawili.

Ilikuwa kitu cha ajabu kukitazama: paa zuri linametameta, halina ukuta hata mmoja, na katikati ya nguzo ule ukuta wa goti umebaki palepale, maana Cuthbert alikataa kuubomoa. Alisema utakuwa baraza.

Mvua ilikuja kesho yake alasiri. Haikubisha hodi, ilimwagika. Mjomba Nikolao aliinuka na kigoda chake, akakimbilia chini ya lile bati kama sisi wengine. Nikamtazama tu. Naye akatazama juu, akatazama huku na huku akitafuta panapovuja, hakuona. Akakohoa.

"Nilisema paa," akasema kwa shida. "Paa lipo."

Gervas alipiga yowe, mimi nikapiga vigelegele mpaka koo likauma. Kelele za bati zilikuwa kubwa hatusikilizani, mama alikuwa amesema kweli, na mfereji ulikuwa unatapika maji ndani ya pipa. Watu walikuja wanakimbia na mitungi yao kutazama tu maji yanavyojaa bila mtu kuteremka bondeni.

Hapo ndipo nilipomwona mama. Alikuwa anakuja katikati ya mvua na mtungi wake, taratibu, bila kukimbia, nguo zimemganda mwilini. Akaingia chini ya paa.

Cuthbert alipomwona alishtuka. Mama mkwe chini ya paa moja naye! Miezi sita alikuwa hajakosea heshima hata siku moja, na hakutaka kukosea siku ile. Akageuza uso, akainama, akatoka mbio kwenye mvua. Akasimama kule nje peke yake, amewapa mgongo watu na nyumba aliyoijenga, maji yanamchuruzika mpaka kwenye soksi. Gervas alikodoa macho, haelewi. Mimi nilielewa, na nilitaka kulia.

Mama aliweka mtungi chini ya mfereji. Ukajaa. Akachota kwa mkono, akanywa. Kisha akaita, kwa sauti iliyoshinda bati.

"Cuthbert!"

Mjomba Nikolao alikaa chini pale pale, juu ya ukuta wa goti.

"Cuthbert, rudi ndani. Mtu halowi mvua nje ya nyumba yake."

Aligeuka. Alikuja polepole, akaingia chini ya paa, akasimama mbele yake, macho bado ameyatupa chini. Kisha akanigeukia mimi, kwa mazoea. "Helena, mwambie mama..."

"Nimwambie nini, na mwenyewe huyu hapa?" nikasema.

Mume wangu, mtu aliyekuwa na la kusema juu ya kila nyumba kutoka Masasi hadi Newala, alifungua mdomo, akaufunga. Akaufungua tena. Ndipo akainua macho, akamtazama mama yangu usoni kwa mara ya kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," mama akasema. Akajipangusa maji usoni, akakaa kwenye ule ukuta karibu na kaka yake, akapiga kiganja mahali palipobaki wazi kando yake. "Haya, njoo ukae. Nipe habari."